Mbwana Samatta: Kutoka Mbagala hadi Wembley, safari ya straika wa kwanza Mtanzania Ligi Kuu England

Mbwana Ally Samatta ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na ndiye wa kwanza kufunga bao kwenye ligi hiyo. Bao hilo alilifunga Februari 1, 2020, akiwa na jezi ya Aston Villa, ugenini kwa Bournemouth. Villa walifungwa 2-1 siku hiyo, lakini huku nyumbani matokeo yalikuwa habari ya pili. Habari ya kwanza ilikuwa kwamba kijana wa Mbagala amefunga England.

Jina lake wanalijua hata wasiofuatilia mpira. Lakini ukae kwenye kijiwe chochote cha barabara ya Bagamoyo, iwe Bunju, Mapinga au kule mjini Dunda, ulitaje tu, ubishi unaanza palepale: Samatta alifeli England au hakufeli? Wapo wanaosema alifeli, maana alikaa miezi michache, akafunga mabao mawili, akaondoka. Wapo wanaokasirika kabisa wakisikia hivyo.

Jibu linategemea unaanza kuhesabu kutoka wapi. Ukianzia Januari 2020, utaona mabao mawili. Ukianzia Mbagala, hesabu inakuwa nyingine.

Mchangani

Samatta alizaliwa Desemba 1992 jijini Dar es Salaam na kukulia Mbagala, kusini mwa jiji. Kama ilivyo kwa wachezaji wengi wa Tanzania, mpira aliuanzia kwenye viwanja vya mtaani, ule unaoitwa mpira wa mchangani. Kwa watu wa Bagamoyo neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Maji yakikupwa ufukwe wenyewe unakuwa uwanja, magoli yanawekwa kwa ndala, na mechi inaisha bahari ikirudi.

Mbagala haina ufukwe wa namna hiyo, ila ina watu wengi, viwanja vichache na ushindani mkali. Klabu ya huko iliitwa Mbagala Market. Baadaye ikabadilishwa jina na kuwa African Lyon, na humo ndimo Samatta alimoanza kuonekana kwenye soka la ngazi ya juu akiwa bado kijana mdogo. Hakuwa na mwili mkubwa. Alichokuwa nacho ni mbio, uwezo wa kuruka, na ile tabia ya straika halisi ya kutokea mahali ambapo beki hakumtegemea.

Mwaka 2010 Simba wakamchukua. Kwa kijana wa Dar hapo ndipo ndoto nyingi huishia, maana ukishavaa jezi nyekundu ya Msimbazi, au ile ya kijani na njano ya Jangwani, mtaani unakuwa mfalme. Unasalimiwa kila kona, unaalikwa kwenye harusi, unapigwa picha. Wengi wameridhika na hapo, na si rahisi kuwalaumu.

Mechi mbili zilizobadilisha kila kitu

Mapema mwaka 2011 Simba walipangwa na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe wa wakati ule hawakuwa wa mchezo. Walikuwa wamebeba ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 walifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, wakafungwa 3-0 na Inter Milan. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo klabu ya Afrika kufika fainali hiyo.

Simba walifungwa 3-1 Lubumbashi, kisha 3-2 Dar es Salaam. Jumla 6-3, wakatolewa. Kwa mashabiki wa Simba ilikuwa maumivu, lakini mabosi wa Mazembe walirudi kwao na jina moja kichwani. Yule kijana mwembamba wa mbele alikuwa amewasumbua mabeki wao katika mechi ambazo timu yake ilizidiwa. Wakamfuata, wakamsajili, pamoja na kiungo Mganda Patrick Ochan.

Kuna kituko kidogo hapa. Simba walikata rufaa kwamba Mazembe wamechezesha mchezaji asiye halali, na kweli CAF ikawaondoa Mazembe mashindanoni. Simba wakapewa nafasi ya kucheza na Wydad Casablanca kwenye uwanja usio wa nyumbani kwa yeyote, nchini Misri, wakafungwa 3-0. Kwa hiyo rufaa ilifanikiwa, timu haikufika mbali, na straika akaenda Kongo.

Uamuzi huu wa 2011 ndio mkubwa kuliko wote katika maisha yake ya soka, kuliko hata ule wa kwenda England. Wakati ule watu wengi walishangaa. Kongo? Kwa nini usisubiri Ulaya? Lakini Mazembe walikuwa na vitu ambavyo Ligi Kuu Bara haikuwa navyo: uwanja wao wenyewe pale Kamalondo, ndege yao, mishahara inayolipwa na tajiri Moïse Katumbi, na juu ya yote, mechi za kimataifa kila mwaka. Straika wa Tanzania alikuwa akicheza mechi mbili au nne za Afrika kwa msimu, kisha anarudi kwenye ligi ya ndani. Mazembe walikuwa wakienda mpaka hatua ya makundi, nusu fainali, fainali. Ni huko ndiko mawakala wa Ulaya wanakoangalia.

Lubumbashi, mji unaosema Kiswahili

Kuna jambo moja lililomrahisishia maisha ambalo halisemwi sana. Lubumbashi ni mji wa Waswahili. Si Kiswahili cha Pwani, kina ladha yake na maneno yake ya Kifaransa, lakini mtu wa Dar anaelewana na muuza nyanya wa sokoni bila mkalimani. Kiswahili kilianza kupenya upande huo katika karne ya 19 kwa misafara iliyotoka Pwani, na Bagamoyo ilikuwa lango lake kuu: watu waliondoka hapo kwa miguu, wakapita Tabora na Ujiji, wakaingia bara. Migodi ya shaba ya Katanga ikakisambaza zaidi katika karne ya 20. Hivyo straika aliyeuzwa Kongo alikuta lugha ya nyumbani imemtangulia.

Hakuwa peke yake pia. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye alikuwa Mazembe miaka hiyo. Wawili hao walicheza pamoja mbele, na kwa muda Taifa Stars ilikuwa ikitegemea ndege ya Lubumbashi ifike salama ndipo ipate safu yake ya ushambuliaji.

Kilele cha Kongo kilikuwa mwaka 2015. Katika hatua ya makundi Samatta aliwapiga Moghreb Tétouan ya Morocco mabao matatu peke yake, Mazembe wakishinda 5-0. Fainali ilikuwa dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza ilichezwa Algeria, Oktoba 31, na Mazembe wakashinda 2-1, bao moja likiwa la penalti ya Samatta. Marudiano Lubumbashi, Novemba 8, akafunga tena kwa penalti na mechi ikaisha 2-0. Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano, na Samatta akamaliza mashindano na mabao saba, akiwa kinara pamoja na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh ya Sudan.

Penalti inaonekana jambo dogo kwa mtu aliyekaa kibandani na soda mkononi. Kupiga penalti ya fainali ya Afrika, ugenini Algeria, ni habari nyingine.

Siku tisa baada ya kubeba kombe hilo alipata kipigo ambacho Watanzania hawapendi kukikumbuka. Taifa Stars walikuwa wametoka sare ya 2-2 na Algeria Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia, Samatta akifunga bao moja na Elias Maguli jingine. Marudiano Blida, Stars wakala saba bila majibu. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi: nahodha anang'ara kwenye klabu, taifa linalia.

Januari 7, 2016, Abuja nchini Nigeria, CAF ilimtangaza kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alimshinda kipa wa timu yake mwenyewe, Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka na makalio, aliyeshika nafasi ya pili. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Genk: mahali alipokomaa

Mwezi huohuo akasaini KRC Genk ya Ubelgiji. Kwa shabiki aliyezoea Arsenal na Man United, Genk lilikuwa jina geni kidogo. Kwa wanaofuatilia usajili ni kiwanda. Kevin De Bruyne na kipa Thibaut Courtois wametokea humo, na Wilfred Ndidi alikuwa hapo kabla ya kwenda Leicester mwaka 2017. Klabu inanunua kijana, inampa mechi, inauza kwa bei kubwa. Samatta alikuwa na miaka 23, si mtoto tena, kwa hiyo muda haukuwa rafiki yake. Alitakiwa kufunga mapema.

Alifunga. Msimu wa 2016/17 Genk walifika robo fainali ya Europa League, wakatolewa na Celta Vigo. Mwishoni mwa 2017 akaumia goti na kukaa nje. Wengi hupotea baada ya majeraha ya namna hiyo, hasa wale ambao mchezo wao ni mbio. Yeye alirudi akiwa mchezaji tofauti kidogo. Akapunguza kukimbilia kila mpira, akaongeza akili ya kusubiri krosi, akaanza kufunga sana kwa kichwa. Hiyo ndiyo silaha iliyompeleka England baadaye.

Msimu wa 2018/19 ndio bora kuliko yote aliyocheza Ulaya. Agosti 2018 aliwafunga Brøndby ya Denmark mabao matatu katika ushindi wa 5-2 kwenye mchujo wa Europa League. Ligini akapitisha mabao 20. Akiwa na Leandro Trossard pembeni yake na Ruslan Malinovskyi nyuma yake, chini ya kocha Philippe Clement, Genk wakabeba ubingwa wa Ubelgiji, wa nne katika historia ya klabu. Samatta akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji.

Ubingwa ulileta tiketi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Septemba 17, 2019 Genk walikwenda Salzburg wakachapwa 6-2. Dunia nzima ikawa inazungumza kuhusu kijana mmoja wa Norway, Erling Haaland, aliyefunga matatu katika mechi yake ya kwanza ya mashindano hayo. Dar es Salaam ilikuwa na mazungumzo yake: moja kati ya mabao mawili ya Genk lilikuwa la Samatta, la kwanza la Mtanzania katika Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Kisha ikaja Anfield, Novemba 5, 2019. Liverpool walikuwa mabingwa watetezi wa Ulaya. Georginio Wijnaldum akatangulia kufunga. Dakika ya 40 ikapigwa kona, Samatta akapanda juu ya mabeki na kusawazisha kwa kichwa. Alex Oxlade-Chamberlain akawarudisha Liverpool mbele kipindi cha pili, mechi ikaisha 2-1. Lakini bao lile la kichwa lilikuwa limeonekana England nzima, na klabu za huko zilikuwa zikitafuta mastraika kwa ajili ya dirisha dogo.

Villa: miezi minane

Januari 1, 2020 straika wa Aston Villa, Mbrazili Wesley, aliumia vibaya goti dhidi ya Burnley. Msimu ukawa umekwisha kwake. Villa walikuwa wamepanda daraja msimu uliotangulia na walikuwa wakipigania kubaki. Hawakuwa na straika. Kocha Dean Smith alihitaji mtu anayeweza kucheza kesho asubuhi.

Januari 20 wakamtangaza Samatta kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Kulikuwa na kipingamizi kimoja ambacho mashabiki wengi hawakukifahamu: kibali cha kazi. Kanuni za England za wakati ule ziliwapa njia nyepesi wachezaji ambao mataifa yao yako ndani ya 50 bora ya FIFA. Tanzania ilikuwa nje hata ya 100. Maana yake, pasipoti ya Tanzania haikumsaidia chochote. Kilichombeba ni wasifu wake: ubingwa wa Afrika, ubingwa wa Ubelgiji, mabao ya Ulaya. Bila Lubumbashi na Genk mlango ule usingefunguka, hata angekuwa na kipaji mara mbili ya kile.

Mechi ya kwanza ilikuwa Januari 28, nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Villa Park. Villa wakashinda 2-1, bao la ushindi likifungwa na Trézéguet dakika za nyongeza, wakaenda fainali. Siku nne baadaye likaja lile bao la kichwa dhidi ya Bournemouth.

Wiki zile ziliwageuza Watanzania wengi kuwa mashabiki wa Villa bila kupenda. Kwenye vibanda umiza vya Pwani ratiba huwa inajulikana: Arsenal, Man United, Liverpool, Chelsea, City. Mechi ya timu iliyo mkiani mwa msimamo hakuna anayelipia kuiangalia. Ghafla mwenye kibanda akawa anaulizwa Villa wanacheza lini.

Machi 1, 2020, Wembley. Fainali ya Kombe la Ligi, Manchester City dhidi ya Villa. City ya Pep Guardiola ilikuwa na kila kitu, akiwemo De Bruyne, zao la Genk. Sergio Agüero alifunga dakika ya 20, Rodri dakika ya 30. Ilionekana kama itakuwa mvua ya mabao. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi akapiga krosi kutoka kulia, Samatta akajitupa mbele na kuupiga kichwa chini chini, wavuni. 2-1. Kipindi cha pili Villa walikaribia kusawazisha, mpira wa kichwa wa Björn Engels ukagonga mwamba. City wakabeba kombe.

Medali ilikuwa ya mshindi wa pili. Lakini bao la Wembley, kwenye fainali, halikuwahi kufungwa na Mtanzania mwingine.

Hapo ndipo hadithi ilipokatika. Wiki chache baadaye Uviko-19 ukasimamisha ligi. Wachezaji wakakaa majumbani kwa miezi mitatu. Fikiria mtu aliyehamia nchi mpya Januari, katikati ya baridi, hajazoea hata njia ya kwenda mazoezini, kisha anafungiwa ndani. Ligi iliporudi Juni 17, Villa walicheza bila mashabiki, kwa woga, wakitafuta sare zaidi ya ushindi. Krosi zilipungua. Straika wa aina ya Samatta bila krosi ni sawa na mvuvi aliyepewa ngalawa bila nyavu. Hakufunga tena. Nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na kijana Keinan Davis.

Tuseme ukweli wote lakini. Kulikuwa na mechi ambazo alipata nafasi na hakuzitumia, na kulikuwa na siku alizoonekana mzito na mpira mguuni ukimkimbia. Kasi ya ligi ile ilimshinda kwa vipindi, na mashabiki wa Villa walilalamika. Kumtetea kwa kila kitu si kumtendea haki.

Julai 26, siku ya mwisho ya msimu, Villa walitoka sare ya 1-1 na West Ham, wakabaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja: wao 35, Bournemouth na Watford 34, wote wawili wakishuka. Kwa tofauti hiyo kila pointi ya msimu ilikuwa dhahabu. Kwa bahati mbaya bao pekee la ligi la Samatta lilikuwa katika mechi waliyofungwa, halikuleta pointi.

Baada ya kubaki, Villa walikuwa na hela na muda wa kuchagua. Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford. Samatta alikuwa ameletwa kuziba pengo la dharura, na dharura ilikuwa imekwisha. Mwezi huohuo akaenda Fenerbahçe ya Uturuki, mwanzo kwa mkopo, na sharti la kununuliwa moja kwa moja likiwa ndani ya makubaliano.

Jumla yake Villa ni mechi 16 na mabao mawili: ligi mechi 14 bao moja, Kombe la Ligi mechi mbili bao moja.

Baada ya England

Istanbul hakutulia. Msimu wa 2021/22 alipelekwa Antwerp kwa mkopo, na 2022/23 akarudi kwa mkopo palepale Genk, nyumbani kwake pa Ulaya. Msimu huo uliisha kwa namna ya ajabu. Juni 4, 2023, siku ya mwisho, Genk walikuwa wakiongoza 2-1 na ubingwa uko mkononi. Dakika ya nne ya nyongeza Toby Alderweireld akapiga shuti la mbali, ikawa 2-2, ubingwa ukaenda kwa wapinzani. Wapinzani wenyewe ni Antwerp, timu aliyotoka mwaka mmoja tu uliopita.

Akahamia PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 akabeba ubingwa wa nchi hiyo. Mwaka 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa, akiwa na miaka 32, umri ambao mastraika wengi wanatafuta pesa za mwisho Uarabuni. Yeye alichagua ligi ngumu.

Unahodha

Ukimuuliza mtu wa Bagamoyo anachokumbuka zaidi, huenda asitaje Wembley. Atataja Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, Tanzania 3, Uganda 0. Siku hiyo mabao yalifungwa na Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, si Samatta. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kitambaa cha unahodha, na Tanzania ikarudi Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39. Kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto, Stars haijaenda.

Kule Misri mambo yalikuwa magumu. Senegal wakashinda 2-0. Mechi ya Kenya ilikuwa ya kushinda: Msuva alifunga, Samatta akafunga la pili, Stars wakawa mbele 2-1 hadi mapumziko, kisha wakapoteza 3-2. Algeria, waliobeba kombe lenyewe mwishoni, wakamaliza kwa 3-0. Pointi sifuri.

Safari iliyofuata ilikuwa bora kidogo. Sare ya 0-0 ugenini Algeria, Septemba 2023, iliipeleka Tanzania Ivory Coast. Kule ikafungwa na Morocco 3-0, ikatoka sare 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Haikuvuka makundi, ila ilirudi na pointi mbili. Ukilinganisha na Blida 2015, zile saba, unaona umbali uliokwendwa.

Waliofuata nyayo

Samatta hakuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ulaya. Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, alikuwa Heracles ya Uholanzi tangu miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba baada ya Manara njia ilikaa muda mrefu bila mtu. Baada ya Samatta watu wameendelea kupita. Kelvin John alisajiliwa Genk, klabu ileile, akiwa bado kijana, kisha akaenda Aalborg ya Denmark. Novatus Dismas alipitia Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Shakhtar Donetsk. Msuva aliyapata maisha yake Morocco.

England lakini bado ni ngumu. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, kibali kinatolewa kwa mfumo wa pointi: mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi unayotoka, dakika ulizocheza, mashindano ya bara. Kijana anayecheza Mwanakalenge pale Bagamoyo hata akisajiliwa na Simba au Yanga kesho, bado kati yake na Villa Park kuna ligi mbili tatu za kupitia kwanza. Klabu ya Tanzania ikifika mbali Afrika, pointi zake zinaongezeka. Ikitolewa mapema, anabaki pale alipo.

Hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, bao la Mtanzania kwenye Ligi Kuu ya England lilikuwa bado ni moja, lile la Bournemouth, kwa kichwa, kipindi cha pili, Villa wakiwa nyuma 2-0.